Kamera ndogo za bei ghali zarejea sokoni: mnunuzi hulipia nini?

Kamera ndogo ya kidijitali, ile ya kutia mfukoni ambayo wengi walidhani simu janja imekwisha kuizika, imerejea madukani. Safari hii haikurejea kama bidhaa ya bei nafuu. Kampuni ya Fujifilm ya Japani ilipoitangaza kamera yake ya X100VI mwezi Februari mwaka 2024, iliiwekea bei ya dola 1,599 nchini Marekani, kiasi kinachozidi shilingi 200,000 za Kenya kabla ya usafirishaji na kodi. Hata hivyo walioitaka walikuwa wengi kuliko kamera zilizotengenezwa, na wateja wakaandikishwa katika orodha za kusubiri zilizodumu kwa miezi.

Kwa mpiga picha wa harusi na maulidi wa Mombasa, Kigoma au Bukavu, au kwa mwandishi wa kujitegemea anayeuza habari na picha zake kwa vyombo mbalimbali, kiasi hicho chaweza kuwa akiba ya mwaka mzima. Kwa fedha hiyo hiyo angeweza kupata kamera kubwa iliyokwisha kutumika, ya aina inayobadilishwa lenzi, pamoja na lenzi mbili. Ni vyema basi kufahamu ni kitu gani hasa kinachouzwa ndani ya kisanduku hicho kidogo, na ni kitu gani mwenye kamera atakuja kulipia baadaye, kwa kuwa gharama hiyo ya pili haiandikwi kwenye tangazo.

Soko lililoporomoka

Takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera nchini Japani, kijulikanacho kwa kifupi kama CIPA, zinaeleza anguko lenyewe. Mwaka 2010 viwanda vya wanachama wake vilitoa takriban kamera milioni 121 za kidijitali, na zaidi ya milioni 100 kati ya hizo zilikuwa kamera ndogo zenye lenzi isiyotoka. Mwaka 2023 kamera za aina hiyo hazikufika milioni mbili. Sababu iko mfukoni mwa kila mtu: simu ilianza kupiga picha za kuridhisha, na kuzituma papo hapo.

Kampuni zilizobaki ziliacha kushindana na simu kwa bei. Zikaanza kutengeneza kamera chache, zenye vifaa ambavyo simu, kwa wembamba wake, haiwezi kuvibeba. X100 ya kwanza ilionyeshwa mjini Cologne, Ujerumani, mwezi Septemba 2010, ikaingia madukani mwaka uliofuata. Haikupita muda, tetemeko la ardhi na tsunami ya Machi 2011 vilisimamisha kazi katika kiwanda kilichokuwa kikiitengeneza kaskazini mashariki mwa Japani, hivyo kamera hiyo ilianza maisha yake kwa kuadimika. Sony ilitoa RX100 mwaka 2012, yenye uzito wa gramu 240 pamoja na betri yake. Ricoh, ambayo jina lake la GR lilianzia katika kamera za filamu mwaka 1996, ilitoa GR yenye kihisi kikubwa mwaka 2013. Leica ya Ujerumani ikaja na Q mwaka 2015. Leo ngazi ya juu kabisa ya kundi hili imepanda mno: RX1R III ya Sony, iliyotangazwa mwaka 2025, huuzwa kwa zaidi ya dola 5,000.

Mahitaji ya sasa hayakuanzishwa na wapiga picha wa kazi. Video za vijana katika mtandao wa TikTok ndizo zilizoifanya X100V, iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 1,399, itafutwe kiasi kwamba zilizokwisha kutumika ziliuzwa ghali kuliko mpya. G7 X Mark III ya kampuni ya Canon, ambayo ni ya mwaka 2019, nayo iliadimika vivyo hivyo. Fujifilm iliamua kuiunganisha X100VI nchini China, tofauti na zile zilizoitangulia zilizotengenezwa Japani, ili zipatikane nyingi zaidi. Foleni haikwisha.

Nusu ya bei hiyo, mtu aweza kusema, ni bei ya sura: umbo la kamera za zamani, magurudumu ya chuma juu yake, fahari ya kuning'iniza shingoni kitu ambacho wengine hawana. Dai hilo lina ukweli wake, na mnunuzi wa ukanda huu hana haja ya kulipia fahari ya mtu wa Tokyo au New York. Lakini nusu nyingine ni ya kweli, nayo inastahili kuelezwa.

Eneo la kupokea mwanga

Picha ya kidijitali hutengenezwa na kihisi, yaani kile kipande cha silikoni kilichokaa nyuma ya lenzi na kupokea mwanga. Wauzaji hupenda kutaja megapikseli, idadi ya nukta zinazounda picha, kwa sababu namba kubwa huuza. Kinachoamua zaidi ubora wa picha penye giza ni ukubwa wa kihisi chenyewe. Mfano wa maji ya mvua unatosha: karai na kikombe vikiwekwa uani wakati wa manyunyu, karai litapata maji ya kutosha kuosha uso, na kikombe kitabaki na matone.

Kamera ndogo za bei nafuu za miaka ya 2000 zilikuwa na vihisi vya takriban milimita 6.2 kwa 4.6, eneo la milimita za mraba 28 hivi. RX100 ilikuja na kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne zaidi. Kihisi hicho huitwa cha inchi moja, ingawa hakina upande wowote unaofika inchi moja. Jina hilo ni urithi wa enzi za mirija ya kamera za televisheni, ambapo kilichopimwa kilikuwa kipenyo cha mrija wa kioo, na biashara haikuona sababu ya kulisahihisha. X100 na GR hutumia kihisi cha takriban milimita 23.5 kwa 15.6, kilekile cha kamera nyingi kubwa. Eneo lake ni zaidi ya mara 13 ya kile cha kamera ndogo za zamani. Leica Q na RX1 hubeba kihisi cha milimita 36 kwa 24, kipimo cha mkanda wa filamu wa zamani.

Simu za bei ya juu nazo zimepanua vihisi vyao, na nyingi zina kihisi kikuu chenye upana wa karibu milimita 10. Zaidi ya hapo zinategemea hesabu: hupiga picha kadhaa kwa mfululizo wa haraka, kisha programu huziunganisha kuwa moja. Mchana kweupe, picha ikitazamwa kwenye kioo cha simu, watu wengi hawataona tofauti yoyote kati ya simu nzuri na kamera ya dola 1,600, na muuzaji anayedai vinginevyo anauza maneno. Tofauti hujitokeza penye giza na penye mwendo. Katika ukumbi wa taarabu wenye taa chache, au harusini usiku wakati bibi harusi anapoingia na vigelegele vinapigwa, simu inayounganisha picha kadhaa hujikuta na mikono sita mahali pa miwili, na programu huificha kasoro hiyo kwa kuipaka ukungu. Kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi iliyo wazi hupata mwanga wa kutosha kwa mpigo mmoja. Uso hubaki uso, na chenga, zile punje zinazofanana na mchanga penye giza la picha, huwa chache.

Tofauti nyingine huonekana picha inapochapishwa. Picha ya megapikseli 24, yenye nukta 6,000 kwa 4,000, huchapishwa kwa upana wa sentimita 50 bila kupoteza ukali. Lakini picha hiyohiyo ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huibana na kuipunguza, na fedha nyingi iliyolipwa kwa ajili ya nukta hizo hutoweka njiani. Anayetaka mteja apokee picha kamili huituma kama waraka, au humpa kwenye kadi. Na ambaye picha zake zote mwisho wake ni hadhi ya WhatsApp, ni afadhali abaki na simu yake.

Lenzi moja, kwa maisha yote

Lenzi ya kamera hizi haitoki. X100 ina lenzi ya milimita 23, sawa na 35 kwa kipimo cha kamera za filamu: huchukua watu wanne au watano walioketi mezani bila mpiga picha kurudi nyuma sana. GR ina lenzi pana kidogo, sawa na milimita 28, na nyingine iitwayo GR IIIx, ya mwaka 2021, ina lenzi sawa na milimita 40. Hakuna kati yake inayovuta mbali. Anayetaka sura ya msemaji aliye jukwaani ilhali yeye amesimama nyuma ya umati, hizi hazitamfaa, isipokuwa awe tayari kupita katikati ya watu.

Jamii ya RX100 hufuata njia nyingine. RX100 VII ya mwaka 2019 huvuta kutoka milimita 24 hadi 200, ajabu kwa kitu kinachoingia mfukoni, ila tundu la lenzi hupungua kadiri inavyovuta, na kihisi chake ni kidogo kuliko cha X100. Kinachopatikana kwa umbali hulipwa kwa giza. Mwandishi wa mikutano ya hadhara aweza kuikubali biashara hiyo. Mpiga picha wa harusi za usiku asiikubali haraka.

Kuna jambo ambalo wanaotumia lenzi isiyovuta hulitaja baada ya miezi michache: jicho hujifunza. Mtu hujua, kabla ya kuinua kamera, ni nini kitakachoingia katika fremu na ni nini kitakachobaki nje, naye husogea mapema. GR imejengwa juu ya tabia hiyo. Huwaka chini ya sekunde moja, na yaweza kuwekwa umbali maalumu, tuseme mita mbili, ili ipige mara kitufe kinapobonyezwa bila kutafuta kitu cha kulenga. Daido Moriyama, mpiga picha wa mitaa ya Tokyo mwenye sifa duniani, anajulikana kwa kuzitumia kamera za GR kwa miaka mingi.

Jua la saa sita na kanzu nyeupe

Katika ukanda huu, mtihani mgumu kuliko usiku ni mchana. Jua la karibu na ikweta hushuka wima, macho hufunikwa na kivuli cha paji la uso, na ukuta mweupe nyuma ya mtu huwaka kama taa. Kamera, kwa asili, hupima mwanga kwa kukisia kwamba yaliyo mbele yake, yakichanganywa, yana weupe wa wastani. Kisio hilo hushindwa mara mbili kwa siku moja ya Idi. Watu kumi waliovaa kanzu nyeupe wakisimama mbele ya msikiti mweupe, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na nyuso za watu hao huwa nyeusi pasipo mfano. Jioni, bwana harusi aliyevaa suti nyeusi akisimama penye pazia la rangi nzito, kamera hudhani mwanga umepungua, huuongeza, na uso wake hupauka.

Kamera za leo hutambua nyuso na hujirekebisha kwa kiasi, lakini hazijawahi kuwa hodari sana kwa ngozi nyeusi, na si jambo jipya. Enzi za filamu, maabara za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na miongo mingi ilipita kabla ya kadi zenye watu wa rangi mbalimbali kutolewa.

Dawa imo kwenye kamera yenyewe. X100 ina gurudumu juu yake, kuliani, lenye alama za kujumlisha na kutoa. GR ina kitufe cha kidole gumba kwa kazi hiyo. Kwa kundi la kanzu nyeupe, mpiga picha huongeza hatua moja au zaidi, huitazama picha, kisha husahihisha. Kwa suti nyeusi hupunguza. Simu nazo huruhusu marekebisho hayo kwa kidole juu ya kioo, ila katika jua kali kioo hakionekani. Hapo ndipo tundu la kutazamia la X100, linalowekwa jichoni, hustahili sehemu ya bei yake.

Upo ufundi mwingine ambao matangazo huutaja kwa haraka, na ambao kwa mpiga picha wa pwani huenda ndio wa maana kuliko yote. Shata ya X100 na ya GR imo ndani ya lenzi. Kamera kubwa zenye shata mbele ya kihisi kwa kawaida hukubali flashi hadi kasi ya sehemu ya 1/200 au 1/250 ya sekunde tu, isipokuwa kwa njia maalumu zinazopunguza nguvu ya flashi. Shata ya ndani ya lenzi huikubali flashi kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo. Maana yake ni kwamba maharusi wanaweza kusimama ufukweni saa sita mchana, jua likiwa nyuma yao, kamera ikaipunguza nguvu ya anga hadi ionekane ya buluu, na flashi ndogo ikajaza nyuso zao mwanga.

Jua hilo hudai jambo lingine. Kwa tundu la lenzi lililofunguliwa hadi f/2, mwanga wa mchana hutaka kasi ya karibu 1/8000 ya sekunde, na shata ya kawaida ya X100VI huishia 1/4000. Kwa hiyo kamera hiyo imewekewa ndani kichujio cha kijivu kinachopunguza mwanga kwa hatua nne, mithili ya miwani ya jua. GR III ina cha hatua mbili. Wengi waliozinunua hawajui kwamba vichujio hivyo vimo.

Vumbi, chumvi na kuvu

Lenzi isiyotoka ina sifa moja inayosemwa sana: vumbi haliingii wakati wa kubadilisha lenzi. Hilo ni kweli, na ni nusu ya habari. Lenzi zinazochomoza kamera inapowaka, kama ya RX100 na ya GR, huvuta hewa kila zinapotoka na kurudi, na hewa ya barabara ya vumbi jekundu haiji peke yake. Chembe moja ikishatua juu ya kihisi, itaonekana katika kila picha ya anga kama doa la kijivu, mahali palepale, siku zote. Mwenye kamera kubwa huitoa lenzi, akapuliza kwa mpira wa kupulizia, akaendelea na kazi. Mwenye kamera ndogo hana mlango wa kuingilia. Kamera yake sharti ifunguliwe yote na fundi, na fundi anayefungua kamera hizi na kuzirudisha zikiwa sawa si mtu wa kumpata kila mji.

X100V na X100VI zina kinga dhidi ya vumbi na manyunyu, lakini kwa sharti: ni lazima ziongezewe pete na kichujio cha kioo cha milimita 49 mbele ya lenzi, vifaa ambavyo huuzwa mbali na kamera. Bila hivyo, mbele ya lenzi pako wazi. Ni ajabu ya biashara kwamba kamera ya bei hiyo haiji na kipande cha kioo cha kuikamilisha, lakini anayeishi penye vumbi akihesabu bei, ahesabu na hicho.

Pwani adui ni mwingine. Unyevu wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, hasa miezi ya mvua, hufaa sana kwa kuvu, ambayo hustawi penye giza na hewa isiyotembea. Ikiingia kati ya vioo vya lenzi huonekana kama nyuzi za buibui, na ikikaa sana hula utando wa kioo, alama isiyofutika. Mfuko wa ngozi unaouzwa pamoja na kamera, mzuri kwa macho, ndio mahali pabaya pa kuilaza, kwa sababu ngozi hutunza unyevu. Chombo cha plastiki cha jikoni chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika, hutosha. Silika ikishiba maji hukaushwa kwa moto mdogo na kutumika tena. Mchele, ambao watu wengi huusifu, haufai: hunyonya kidogo na huacha unga wa wanga. Kinga nyingine haina gharama yoyote. Kamera itumiwe, itolewe nje, ipate mwanga na hewa.

Betri ni ndogo kwa sababu kamera ni ndogo. GR III imekadiriwa picha 200 hivi kwa betri moja iliyojaa, na harusi moja yaweza kumaliza betri tatu. Kwa bahati, kamera mpya nyingi huchajiwa kwa waya wa USB-C, uleule wa simu, hata kwa pawa benki umeme unapokatika.

Dhamana ya nchi nyingine

Kamera nyingi zinazouzwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Bujumbura hupitia Dubai, ama kwa wafanyabiashara, ama katika mizigo ya ndugu wanaorudi nyumbani. Bei ya Dubai huvutia, lakini dhamana ya kamera mara nyingi hufungwa na eneo ilikouzwa. Kamera ikiharibika baada ya miezi minne, karatasi ya dhamana yaweza kumtaka mwenyewe aipeleke kulekule. Swali la kuuliza dukani kabla ya kulipa si kama dhamana ipo. Ni nani ataipokea kamera, katika mji gani, na kwa gharama ya nani. Kodi ya ongezeko la thamani nayo ihesabiwe mapema: Kenya hutoza asilimia 16, Uganda na Rwanda asilimia 18, mbali na ushuru wa forodha.

Anayenunua iliyotumika aende na tochi na asione haya. Aimulike lenzi kwa pembeni kutafuta kuvu na mikwaruzo. Aiwashe na kuizima mara kumi, akisikiliza kama lenzi inatoka kwa ulaini au inakwaruza. Kisha alifunge tundu la lenzi hadi f/16, apige picha ya ukuta mweupe au anga tupu, na aikuze kwenye skrini: madoa yote ya kihisi yatajitokeza hapo. Namba iliyochongwa chini ya kamera ilingane na ya kwenye sanduku, kwa kuwa kamera za aina hii, kwa udogo na bei yake, huibwa kwa urahisi na kuvuka mipaka kwa urahisi zaidi.

Kadi za kumbukumbu zinahitaji neno lake. Kadi bandia ni nyingi sokoni. Huandikwa gigabaiti 128 ilhali zina 8, na kamera huendelea kuandika bila kulalamika hadi picha za mwanzo zinapofutwa na za mwisho. Ziko programu za bure za kompyuta zinazoijaza kadi na kuisoma tena ili kuthibitisha ukubwa wake. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili, nayo ifanywe kabla ya harusi ya mtu.

Kamera isiyosikika

Udogo wa kamera hizi na ukimya wake ndio uliowavutia waandishi wa habari. Shata ya ndani ya lenzi hutoa mlio hafifu, na ile ya kielektroniki haitoi mlio kabisa. Mtu mwenye kamera kubwa sokoni hugeuziwa macho na kila mtu. Mwenye GR mkononi hupita. Ukimya huo huo ndio unaozua suala la ridhaa, na nchi za ukanda huu zimekwisha kulitungia sheria.

Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na mkahawa mmoja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Kiasi cha pili pekee kingenunua kamera nane za X100VI kwa bei ya kutangazwa kwake. Sheria hizo zina nafuu kwa kazi ya uandishi wa habari, lakini mpiga picha wa sherehe anayetangaza biashara yake kwa picha za wageni wa watu hawezi kuitegemea nafuu hiyo. Njia nyepesi ni kuandika katika mkataba wa harusi ni picha zipi zitatumika kwa tangazo, na kumwuliza mwenye uso.

Yapo pia maeneo ambayo ridhaa ya mtu mmoja haisaidii. Sheria ya Usalama wa Taifa ya Tanzania ya mwaka 1970 hukataza kupiga picha katika maeneo yanayolindwa, na Kenya ina sheria ya maeneo kama hayo. Kuhusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, serikali za kigeni huwaonya wasafiri wao wasipige picha za majengo ya serikali, viwanja vya ndege na askari. Kwa askari anayemwona mtu akificha kisanduku kidogo kiganjani, ukimya wa kamera hausomeki kama adabu. Kamera nyingi za aina hii huruhusu mlio wa shata kurudishwa, katika ukurasa wa sauti ndani ya menyu.